Kuni, Makaa na Ahadi ya Taifa

Msomaji, ukitoka Voi kwa njia ya Nairobi, iwe ni kwa motokaa au kwa gari la moshi, tazama upande wako wa kushoto. Hutakwenda mbali kabla hujaona kilima kirefu kimejinyosha kama ngome, chini kikavu na chenye miiba, na kileleni kimevikwa ukungu. Hicho ndicho kilima cha Mbololo, nami ni mtu wa ubavuni mwake. Upande wako wa kulia ni nyika ya Tsavo, makao ya ndovu. Katikati, katika ukanda mwembamba ulio baina ya kilima na nyika, serikali za zama mbalimbali zimepitisha karibu kila kitu kilichoitwa maendeleo: reli ya kwanza mwishoni mwa karne ya 19, kisha barabara kuu, kisha bomba la mafuta, kisha nyaya za umeme, na hatimaye reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017.

Sisi wa Mbololo tumezoea kuyaona maendeleo yakipita. Huyaona mchana kwa vumbi lake na usiku kwa taa zake, na mengi katika hayo hayasimami kwetu. Sisemi hivyo kwa kinyongo, maana nchi haiwezi kuweka stesheni mlangoni pa kila mtu. Nasema kwa sababu nataka kukuzungumzia jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa na wakubwa mikutanoni kwa maneno makubwa, nami nataka kulishusha hadi mahali chungu kinapoinjikwa. Jambo lenyewe ni hili: nchi kama yetu itakuaje, ijenge viwanda na kuwapatia watu wake kazi, bila kuzidisha hewa chafu inayoitia dunia joto?

Kwanza nikuonyeshe kilichoko hatarini. Juu ya Mbololo kuna msitu wa asili wa hekta zipatazo 200. Ni mabaki tu ya misitu iliyovifunika vilima vya Taita hapo kale, lakini ni mabaki ya thamani. Humo huishi ndege aitwaye mkesha wa Taita, ambaye hapatikani popote duniani ila katika vipande vichache vya misitu ya vilima hivi, na wengi wao wako Mbololo. Humo humea pia ua dogo la rangi ya zambarau ambalo kwao ni kilima hiki peke yake. Wazee wetu hawakujua majina waliyopewa viumbe hao na wataalamu wa Ulaya, walakini walijua kwamba kuna sehemu za msitu zisizokatwa. Waliziita fighi, na aliyeingia humo kwa shoka alijitafutia balaa. Tena walijua kwamba ukungu utokao upande wa bahari hunaswa na majani ya miti ile, ukadondoka, ukazama ardhini, ukatokeza chini kuwa chemchemi. Sisi tunaokaa ubavuni hunywa maji yaliyochumwa na miti.

Sasa nikupeleke mbali kidogo, hadi kwenye ahadi. Mwaka 2015 mataifa yalikutana Paris kupatana juu ya hali ya hewa, na Kenya iliahidi kwamba ifikapo mwaka 2030 itakuwa imepunguza hewa chafu kwa asilimia 30, ikilinganishwa na kiasi ambacho ingetoa kama isingejizuia. Mwaka 2020 ahadi hiyo ilipandishwa ikawa asilimia 32. Angalia maneno hayo kwa makini, maana yanasomwa upesi na kueleweka vibaya. Kenya haikuahidi kwamba mwaka 2030 itatoa hewa chafu kidogo kuliko ya jana. Iliahidi kwamba, hali ikikua, itatoa kidogo kuliko ambavyo ingetoa kwa kukua ovyo. Ni kama kijana anayemwambia mzazi wake, "Nitakula zaidi, maana nakua, lakini sitakula kama mlafi." Tena sehemu kubwa ya ahadi yenyewe imetegemezwa kwenye fedha za mataifa ya nje, na fedha hizo huja kwa mwendo wa kinyonga.

Kwa upande wa umeme, nchi yetu ina haki ya kutembea kifua mbele. Takriban sehemu tisa katika kumi za umeme unaozalishwa nchini hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke ulianza kuzungusha mtambo wa kwanza mwaka 1981. Huko Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, zimesimamishwa tapanga 365 za upepo zenye uwezo wa megawati 310, nazo zilianza kuingiza umeme katika njia kuu mwaka 2018. Nchi nyingi tajiri hazijafika hapo.

Mara moja tulikaribia kurudi nyuma. Ilitakiwa kujengwa Lamu kituo kikubwa cha umeme wa makaa ya mawe, chenye uwezo wa megawati 1,050. Waliokitaka walisema viwanda haviji mahali penye umeme haba. Waliokikataa walisema bahari ya wavuvi itachafuka, na mji wa kale utafunikwa na majivu. Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira liliifuta leseni yake, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hapa nitaingiza neno moja la pembeni. Kiswahili chetu kimeita kile kitokacho migodini makaa ya mawe, na kile kitokacho katika tanuri la mkulima kimekiita makaa, na hewa itokayo katika vyote viwili kimeiita hewa ya ukaa. Lugha iliona udugu wao zamani. Lakini makaa ya mawe ya Lamu yalipata mawakili, mahakama na magazeti. Makaa ya miti ya Taita hayakupata ila gunia.

Mwaka 2019 nchi ilihesabiwa. Katika kila kaya 100, kaya 55 zilisema kwamba hupika kwa kuni hasa. Kaya 24 hivi zilipika kwa gesi, 12 hivi kwa makaa, 8 hivi kwa mafuta ya taa. Zilizopika kwa umeme hazikutimia hata moja katika mia. Rudia kusoma hapo, msomaji. Nchi inayosifiwa ulimwenguni kwa umeme wake safi, haipikii umeme huo. Twasomea kwa mvuke wa Olkaria, twakula kwa mti wa jirani. Na ukitazama hesabu za serikali yenyewe, utaona kwamba sehemu kubwa ya hewa chafu ya Kenya haitoki katika mitambo ya umeme, bali katika kilimo na mifugo, na katika ukataji wa miti na matumizi ya ardhi. Kwa hiyo anayetafuta mizani ya ukuaji na hewa safi asiangalie bomba la kiwanda pekee. Ainame pia atazame mafiga.

Chakula chetu kimoja cha kila siku ni pure, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja. Ni chakula chema na cha bei nafuu, lakini hakina haraka. Huweza kukaa motoni tangu alasiri hadi giza kuingia. Mwenye kupika pure huhitaji moto wa muda mrefu na wa gharama ndogo, na hapo ndipo sera za taifa huingia nyumbani bila kubisha hodi.

Februari 2018, baada ya ukame na kukauka kwa mito, serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Nia ilikuwa njema, na msitu wa Mbololo haukudhurika kwa hilo. Makaa yalipanda bei. Septemba mwaka uo huo, mafuta ya taa yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita, ili wafanyabiashara wasiyachanganye na dizeli. Nia hiyo nayo ilikuwa na sababu yake. Kisha Julai 2021 gesi ya kupikia, ambayo ilikuwa haitozwi kodi ya ongezeko la thamani, ilianza kutozwa asilimia 16. Mwaka uliofuata kodi hiyo ilipunguzwa ikawa asilimia 8, na Julai 2023 ikaondolewa. Katika mwezi uo huo wa Julai 2023, marufuku ya kukata miti nayo ilitangazwa kuwa imeondolewa.

Fikiri sasa juu ya mama aliyesimama kati ya mwaka 2018 na mwaka 2023 na sufuria yake mkononi. Mlango wa makaa umefungwa kwa ajili ya misitu. Mlango wa mafuta ya taa umebanwa kwa ajili ya injini za watu wengine. Mlango wa gesi umewekewa kodi kwa ajili ya hazina. Kila mlango ulifungwa na ofisi yake, kwa hoja yake iliyo sahihi, wala hakuna ofisi iliyoulizwa ni mlango gani utakaobaki wazi. Uliobaki wazi ni ule usio na ofisi, yaani njia ya kwenda porini na panga na kamba. Mimi nadhani hapa ndipo penye upungufu wa sera zetu, wala si katika idadi ya asilimia tulizoahidi. Asilimia 32 zaweza kuandikwa kwa siku moja. Kuwaketisha mtu wa misitu, mtu wa mafuta na mtu wa kodi katika meza moja huchukua miaka.

Kuna na jambo jingine ambalo wasiopika hawalijui. Makaa hununuliwa kwa mkebe. Aliyepata kibarua leo hununua makaa ya leo. Gesi haiuzwi hivyo dukani kwetu. Mtungi hujazwa wote, ukalipiwa wote, kabla hujapika hata chai. Huenda kwa mwezi mzima gesi ikawa nafuu kuliko makaa, na mara nyingi ni hivyo, lakini maskini hana mwezi mzima mfukoni. Umeme nao una shida ya namna yake. Yako majiko ya umeme ya presha yanayoivisha maharage kwa chini ya uniti moja, nami nimekula maharage hayo, hayana kasoro. Lakini katika viwango vilivyoanza kutumika Aprili 2023, bei ya chini kabisa ilipewa mtumiaji asiyezidi uniti 30 kwa mwezi. Mwenye taa na redio tu hukaa ndani ya mpaka huo. Akianza kupika kwa umeme kila siku, huuvuka, akapanda bei. Tunamwalika jikoni kwa mkono mmoja, na kumtoza kiingilio kwa mkono wa pili.

Upande wa chini wa kilima, nyika ya Tausa ikianza, ninamfahamu bwana mmoja mchoma makaa. Mtu huyu si mwizi wala mlevi, ni mkulima. Mti humwangusha kwa siku moja, humkata vipande, huupanga, huufunika kwa majani na udongo, kisha huukesha kwa siku kadhaa, maana tanuri likipasuka usiku huteketea lote likawa majivu. Katika tanuri la namna hiyo, kuni za uzito wa kilo 100 hutoa makaa ya kilo kumi na kitu, pengine 20 kwa fundi hodari. Kilichobaki ni moshi. Nilimwuliza kwa nini asiache kazi ile. Akaniambia, "Mwalimu, mahindi yangu hayakubeba, mbuzi wangu wamekwisha, na karo ya kijana haingoji mvua. Mti huu ndio benki yangu. Nionyeshe benki nyingine, nami nitalitupa shoka."

Sikumpa jibu la haraka, kwa kuwa hakuwa akiongopa. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Serikali ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba 2022 ndovu 205 walikufa katika hifadhi zilizopatwa na ukame, na Tsavo ilikuwa mojawapo. Ikiwa ndovu, mwenye miguu ya kuvuka wilaya, hakupata jani, mbuzi wa Tausa angepata nini? Mwaka 2023 wanasayansi waliouchunguza ukame huo walikadiria kwamba joto lililoletwa na binadamu duniani liliuongezea uwezekano wake angalau mara 100. Nayo hewa chafu ya Kenya haifikii hata sehemu moja katika mia ya hewa chafu ya ulimwengu. Kwa hiyo bwana yule anakata miti kwa sababu ya ukame ambao hakuuleta, na kwa kuikata anauandalia ukame wa kesho. Duara hilo halivunjwi kwa askari.

Ukitaka kuiona benki nyingine aliyoitaka, nenda upande wa pili wa Voi, kusini, kuelekea mlima Kasigau. Huko, kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, kuna ranchi zenye eneo la hekta zipatazo 200,000, ambazo miti yake mikavu ya nyika imeachwa isimame ili iuzwe ikiwa imesimama. Hili si fumbo. Mti uliosimama umeshika ukaa. Ukichomwa, ukaa ule hupanda hewani. Wenye ardhi hulipwa kwa kutouachilia, na wanaolipa ni makampuni ya mbali yanayotaka kufidia hewa chafu yao. Mwaka 2011 mradi huo wa Kasigau ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani kupewa hati za kaboni chini ya kanuni za hiari za kimataifa. Fedha zake zimeajiri walinzi, zimejenga matangi ya maji, na zimesomesha watoto.

Naisifu kazi hiyo, lakini sifa zangu zina mpaka. Wataalamu wamebishana sana juu ya namna ya kuhesabu miti ambayo ingekatwa lakini haikukatwa, maana ni vigumu kupima jambo ambalo halikutokea. Bei ya hati huamuliwa mbali, na yaweza kuanguka pasipo kosa la mtu yeyote wa Kasigau. Tena lipo swali la haki: mwenye kiwanda Ulaya huendelea kutoa moshi kwa kuwa amemlipa mtu wa Taita asitoe wake. Hapo awali wanakijiji hawakuwa na sheria ya kuwakinga katika mapatano hayo. Marekebisho ya sheria ya hali ya hewa ya mwaka 2023 yaliweka kwamba mradi wa ardhi ulipe jamii husika angalau asilimia 40 ya mapato. Hilo ni jambo jema kwa Kasigau. Mbololo yenye mashamba madogo ya urithi, yaliyogawanywa kati ya ndugu na ndugu, haiwezi kuwa ranchi, na bwana yule wa Tausa bado hana dirisha la benki hiyo.

Natazama pia reli mpya, kwa kuwa wengi huitaja katika habari hizi. Tangu ifunguliwe imekuwa ikiendeshwa kwa dizeli, huku nyaya za umeme zikipita si mbali nayo. Hata hivyo treni moja ndefu ya mizigo huondoa barabarani malori mengi, na hayo yangechoma dizeli zaidi. Siwezi kuilaumu kwa moyo wote wala kuisifu kwa moyo wote, basi niipishe ipite kama yalivyopita mengine.

Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2028 kila nyumba nchini iwe na njia safi ya kupikia. Nyumba tumeziona. Lakini wewe unayesoma kitabu hiki pengine unakaa katika bweni, na chakula chako kinapikwa katika mojawapo ya majiko yanayokula kuni nyingi kuliko nyumba yoyote, yaani jiko la shule. Katika shule moja niliyofundisha, wanafunzi wa kidato cha tatu walitumwa na mwalimu wao wa jiografia kwenda kupima kuni za muhula mmoja, kujua zilikotoka, na kukadiria ingekuwaje kama zingepikiwa katika majiko yaliyoboreshwa, yaliyozungushiwa matofali na kuwekewa bomba la moshi. Walifanya kazi hiyo kwa bidii. Waliporudi darasani walikuwa na hesabu safi, na wote walikubaliana kwamba shule ibadilishe majiko. Msichana mmoja peke yake alikaa kimya, kwa kuwa lori lililoleta kuni zile lilikuwa la baba yake, na kwa kuni zile alikuwa amelipiwa karo.

Majiko yalijengwa mwaka uliofuata, na kuni zikapungua sana. Mpishi akaacha kukohoa. Safari za lori nazo zikapungua, na yule msichana akauliza mbele ya darasa ni nani aliyemwekea baba yake nafasi katika hesabu ile. Mwalimu wa jiografia alimpa chaki, akamwambia aandike jina la kazi hiyo ubaoni pamoja na mapato yake ya muhula, chini ya safu ya miti iliyookolewa. Kisha akawaambia wenzake wafungue madaftari, waanze tena tangu mstari wa kwanza.